Shati Lililotaka Mzigo Kichwani

“Mimi Eliufoo sijanunua nguo tangu mwaka 2009! Mwili huu mnaouona unavalishwa na mataifa kumi na tisa!”

Aliyatamka hayo harusini, kwenye ukumbi mmoja wa Kwa Sadala, maikrofoni mkononi, mbele ya watu mia tatu wenye njaa. Mshereheshaji alikuwa amempa maikrofoni ataje zawadi yake, blanketi moja na beseni, kisha akae. Lakini mtu aliyezoea kupanda mlima, ukishamfikisha juu hashuki haraka. Akaanza kujitangaza kutokea chini: buti za Mjerumani, soksi za Mnorwe, suruali ya Mkanada, mkanda wa Mkorea, fulana ya Mholanzi, jaketi la Mwaustralia.

“Na ya ndani je?” mtu akapaza sauti kutoka meza za nyuma.

“Hiyo ni siri ya ubalozi.”

Ukumbi ulicheka mpaka wapishi wakatoka kuuliza kuna nini. Tabitha, binti yake wa pekee, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi, alicheka kuliko wote. Miaka minne baadaye alikuwa hacheki tena.

Eliufoo hakudanganya hata nusu. Yeye ni mgumu, na kwa asiyejua, mgumu ndiye anayebeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro: mahema, mitungi ya gesi, mayai, viti, na siku hizi hata choo cha kukunja, ili mgeni afike kileleni kisha akatangaze kwao kwamba amepanda mwenyewe. Mzigo unapimwa getini, kilo ishirini, unakwenda kichwani au mabegani, na mgumu anatangulia mbio ili mgeni akifika kambini akute chai. Safari ikiisha, wageni wakishapewa vyeti vyao, wanafungua mabegi na kugawa nguo. Ndiyo sababu ukipita Machame asubuhi utamkuta mtu anamkatia ng'ombe majani huku amevaa jaketi lililoshonwa kwa ajili ya theluji, jua linawaka, jasho linamtiririka, na hana habari.

Shida ni kwamba wageni ni warefu na Eliufoo ana futi tano na inchi tatu, hapo na buti umeshahesabu. Jaketi la Mwaustralia, rangi ya chungwa inayopiga kelele, lilimfikia karibu na magoti. Ile suruali ya Mkanada ilikuwa ya zile zenye zipu magotini, ukitaka kaptura unafungua zipu unatoa vipande vya chini. Kwa Eliufoo zipu ilikaa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alipotoa vile vipande hakupata kaptura. Alipata suruali ya kumtosha.

Sasa kabla hujacheka sana, huyo ndiye mwanamume aliyemjengea mama yake nyumba ya tofali kwa kazi ya kichwa chake, namaanisha kichwa chenyewe, cha kubebea. Ndiye aliyepanda miche mipya ya kahawa kihambani kwake, shamba la kuzunguka nyumba, mwaka ambao majirani walikuwa wanang'oa ya kwao, na migomba aliipanga kwa kamba utadhani gwaride. Melkior, mgumu mwenzake, aliwahi kuvunjika mguu kwenye mvua huko juu, na Eliufoo akambeba mgongoni tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri bila kumtua kwa zaidi ya dakika tano. Mpaka leo Melkior anamwita Ambulensi. Kwa hiyo mwili tunaousema hapa si mwili wa kuchezea. Shingo nene, kifua kama pipa, mashavu ya miguu kama mikate miwili. Ulikuwa mwili mzuri sana, ila hakuna aliyewahi kuuona, maana ulikuwa umefichwa ndani ya hema.

Na Hema ndilo jina alilopewa na wanafunzi wa shule ya binti yake.

Alilijua Novemba iliyopita. Tabitha alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, na sisi wa milimani kipaimara si jambo la kunong'ona. Mbuzi wanaanguka, ndugu wanapanda kutoka Dar, mtoto anaingia kanisani akiwa mtoto na kutoka akiwa mtu. Usharika wao una utaratibu wake: kila mtoto anakwenda madhabahuni na mtu mzima mmoja, anayesimama nyuma yake na kumwekea mkono begani wakati mchungaji anamwombea. Jina la mtu huyo linaandikwa kwenye fomu mapema. Eliufoo alishuka mlimani siku ya Jumatatu, akavua buti, akaikuta fomu mezani. Kwenye mstari wa atakayesimama na mtoto, kwa mwandiko mzuri wa Tabitha, paliandikwa: Yoramu, mjomba.

“Tabitha.”

“Abee baba.”

“Mimi nimekufa lini?”

“Hujafa, baba.”

“Mbona nimeshapata mrithi?”

Tabitha akaangalia sakafu. Stella, mama yake, aliacha kumenya ndizi.

“Baba, utakuja na lile la chungwa,” mtoto akasema polepole. “Shuleni wanakuita Hema. Wanasema, baba yako akifika tutalala wangapi?”

“Nitavaa suti. Si ninayo ile aliyoniachia mjomba wako?”

“Ile mikono unaikunja, baba. Unakuwa kama mtu anayeosha masufuria.”

Nimewaona akina baba wengi mlimani huku, na ninajua jinsi jambo hili lingeisha kwenye nyumba tisa kati ya kumi: baba angeichukua kalamu, angekata jina la shemeji yake, angeandika lake, na mtu angelala analia. Eliufoo aliisogeza fomu pembeni.

“Mazoezi ya kusimama ni lini?”

“Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Desemba. Kesho yake ndiyo kipaimara.”

“Basi siku hiyo utanitazama. Ukiona ninafaa, wewe mwenyewe, kwa mkono wako, utalifuta jina la mjomba. Ukiona sifai, nitakaa benchi la mwisho kabisa na sitasema neno.”

“Baba Tabitha!” Stella akaruka. “Wewe si ndiye mzazi? Unamwomba mtoto ruhusa?”

“Ndiyo maana ninaomba,” alisema. “Jirani nisingemwomba.”

Kesho yake, siku ya soko, akateremka Kwa Sadala na Melkior kutafuta nguo. Hapo ndipo watu walipoona namna ya kujaribu nguo ambayo haijawahi kuonekana sokoni. Mtu wa kawaida akijaribu koti la mtumba anajitazama kwenye kioo. Eliufoo alivaa koti, akainama, akalitwika robota zima la suruali za muuzaji, akaanza kutembea nalo.

“Wewe! Unapeleka wapi mzigo wangu?”

“Ninajaribu koti.”

Koti la kwanza lilipanda mpaka masikioni. La pili lilibana kwapani akawa kama kuku aliyefungwa mbawa. La tatu lilitoa sauti ambayo koti halitakiwi kutoa, wakaondoka haraka kidogo.

“Mangi,” Melkior akamwambia, “unakwenda kusimama kanisani. Hupandi kambi ya Barafu. Nani atakutwika robota mbele ya mchungaji?”

“Nguo ikinikaba nikiinua mkono, nitakuwa ninawaza kwapa badala ya mtoto.”

Melkior akamshika mkono. Akampeleka kwa fundi Gladys.

Gladys ana cherehani yake kwenye kibaraza cha duka linalouza pumba na dawa za mifugo. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, miwani iko puani kwa uzi, na ulimi wake ungeweza kukata kitambaa kama mkasi ungepotea. Alimtazama Eliufoo ndani ya jaketi la chungwa tangu juu mpaka chini.

“Pole sana. Nani amekufanyia hivi?”

“Waaustralia.”

“Na wewe uliwakosea nini?”

Akamvua jaketi, akamketisha kwenye stuli, akaanza kumwekea vipande vya vitambaa chini ya kidevu, kimoja kimoja. Nyeupe: “Mhudumu wa hoteli.” Nyeusi: “Unapeleka maiti wapi?” Kijani: “Mgomba.” Bluu iliyokoza aliishikilia kwa muda, akatikisa kichwa. Halafu akaweka damu ya mzee, ule wekundu mzito unaokaribia weusi, na hakuiondoa. Uso wa Eliufoo umeunguzwa na jua la mlimani miaka kumi na sita, na kando ya rangi zile za kupiga kelele siku zote ulionekana umechoka. Kando ya damu ya mzee ulionekana umeiva.

“Haya,” Gladys akasema. “Kumbe ana macho.”

Wakakubaliana: shati la damu ya mzee, kola ndogo ya kusimama kwa sababu shingo ile haikuumbwa kwa tai, na suruali ya kadeti, rangi ya ugoro. Gladys akachukua utepe wake.

“Simama kama kawaida yako.”

Eliufoo akasimama kama kawaida yake. Gladys akapima, akaandika, akapima tena, akasema njoo tarehe kumi. Eliufoo akapanda mlima na wageni, siku sita, na Melkior anasema safari ile hakuongelea kitu kingine ila shati, mpaka wageni wakauliza kama kuna mtu anaumwa.

Tarehe kumi ilikuwa Jumatano. Alikuja na Stella, akavaa nyuma ya pazia la duka la pumba, akatoka. Kola ilikuwa imeachana na shingo kiasi cha kupitisha ndizi. Kifuani shati lilifanya mfuko. Mbele lilining'inia chini kuliko nyuma.

“Fundi,” Stella akasema kwa adabu yote, “huyu ulimpima yeye au ulimpima ng'ombe?”

“Mama Tabitha, mimi ninashona tangu wewe hujavunja ungo. Vipimo havidanganyi!” Akafungua daftari. “Kifua hiki hapa! Shingo hii hapa!”

“Shingo hiyo ni ya nani?”

“Ya mumeo!”

“Mume wangu shingo yake ninaijua kuliko wewe!”

Wakati kinamama wanagombea shingo ya mtu, mwenye shingo alikuwa amesimama pembeni anahesabu siku: Alhamisi, Ijumaa, basi. Hapo akapita bibi mmoja aliyenunua gunia la pumba na hana wa kumbebea mpaka kwenye bodaboda. Eliufoo hajui kumtazama mtu mwenye mzigo akatulia. “Shikamoo bibi, lete,” akasema, akalitia gunia kichwani, shingo ikanyooka, kifua kikatoka, mabega yakapanda.

Na shati likamkaa.

Likamkaa kama lilipigwa pasi juu ya mwili wake. Kola ikaikumbatia shingo, mfuko ukajaa kifua, pindo la mbele likapanda likalingana na la nyuma. Gladys akaacha kelele katikati ya neno.

“Mae!” akasema. “Rudi hapa. Tua gunia.”

Akatua. Shati likanyong'onyea.

“Twika.”

Akatwika. Shati likapendeza.

“Wewe baba,” Gladys akasema, “nilipokwambia simama kama kawaida yako, ulisimama vipi?”

Eliufoo akafikiri. Miaka kumi na sita, kila alipoambiwa simama wapime, ilikuwa getini, mzigo kichwani, mbele ya mzani. Ndivyo alivyosimama. Fundi alikuwa amemshonea nguo mtu na begi la Mkanada, ila begi halikuwepo.

Melkior, aliyekuwa amefika kushuhudia, ikabidi akae chini. “Ambulensi, suluhisho ni rahisi. Nenda kanisani na ndoo kichwani. Mchungaji ataiombea na ndoo.”

Bibi wa pumba alicheka mpaka akasahau bodaboda yake. Gladys peke yake hakucheka. Alilifumua shati lote palepale, mshono kwa mshono, akamwambia Eliufoo akae, Stella akaagiza chai, na kila mtu akaamriwa aongee mambo mengine. Eliufoo akaanza kusimulia habari za mgeni mmoja aliyepanda na mto wake wa kulalia kutoka kwao. Akiwa katikati ya hadithi, mabega yakashuka. Gladys akapita nyuma yake na utepe, kimyakimya, kama mtu anayeiba.

“Sasa nieleze,” akasema alipomaliza. “Siku hiyo utafanya nini hasa na mwili wako?”

“Nitasimama. Halafu nitamwekea mtoto mkono begani.”

“Mkono upi?”

“Wa kulia.”

“Nionyeshe. Bega lake liko wapi?”

Eliufoo akainua mkono, akauweka hewani usawa wa tumbo lake. Stella akaweka kikombe chini.

“Baba Tabitha, huyo ni wa darasa la tatu.”

“Eeh?”

“Tabitha sasa hivi anakufikia sikioni.”

Akaushika mkono wa mumewe, akaupandisha, akaupandisha tena, mpaka ukawa usawa wa kwapa lake. Eliufoo akautazama mkono ule juu kule kama umewekwa na mtu mwingine. Hakutania. Safari mbili kwa mwezi, siku sita sita, saba saba, mtu anashuka, analala, anapanda. Mtoto naye alikuwa anapanda, upande wake.

“Usiushushe,” Gladys akasema kwa sauti ya chini, akaupima mkono hapo ulipo.

Kitambaa kilichozidi kifuani alikihamishia mgongoni, akakikunja mkunjo mmoja kati ya mabega, unaofunguka mkono ukiinuka na kujifunga mkono ukishuka. Pindo akalikata sawa, linaishia nyongani, la kuvaliwa nje bila kuchomekwa, ili miguu ionekane kuanzia panapostahili. Suruali aliinyoosha, si pana, si ya kubana, akaacha nafasi kwa ile mikate miwili, akaiishilizia kwenye kifundo. Ijumaa jioni Eliufoo akavaa. Gladys akamtuma dukani akamnunulie vocha, akaenda akarudi, akasimama pale kibarazani anaulizia bei ya dawa ya kupe.

“Vipi, inakubana?” Gladys akauliza.

“Nini?”

“Nguo.”

Eliufoo akajitazama. Alikuwa amesahau kwamba amevaa. Na si kwamba alikuwa amerefuka, kimo ni kilekile, futi tano na inchi tatu, lakini kwa mara ya kwanza zilikuwa futi zake zote. Muuza pumba, mtu ambaye hajawahi kumsifu hata mkewe, alisema, “Leo umekamilika.”

Jumamosi, uwanja wa kanisa, watoto arobaini wamejipanga. Mjomba Yoramu alikuwa ameshafika kutoka Dar, suti ya kijivu, viatu vinang'aa mpaka kuku wanajiona. Eliufoo akapanda njia ya kihambani, mikono haina kitu. Tabitha alimwona tangu mbali, na kwanza hakumjua. Nasema nilichokiona: alimtazama kama unavyomtazama mtu mzima wa heshima anayekuja, ukajiweka sawa ili umwamkie. Kisha akajua ni nani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.”

“Umeazima kwa nani?”

“Sijaazima.”

“Zunguka.”

Mwanamume wa miaka arobaini na mitatu akazunguka mbele ya usharika. Wenzake Tabitha walikuwa wanatazama, wale wale wa kuulizana watalala wangapi. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, “Yule ndiye Hema?” Mwenzake akasema, “Siyo, huyo ni mtu mwingine.”

“Inua mkono,” Tabitha akasema.

Akainua. Mkunjo wa mgongoni ukafunguka, shati halikupanda, kola haikusogea. Mkono ukashuka begani kwa mtoto, ukakuta bega liko palepale ulipopimiwa. Tabitha hakusema amependeza. Alikwenda kwa mwinjilisti, akaomba fomu na kalamu, akakata mstari mmoja, akaandika.

“Haya,” mjomba Yoramu akasema, akiwatazama wote kwa zamu. “Nimesafirisha suti kutoka Dar, imening'inia dirishani mwa basi safari nzima, abiria wanaikwepa. Sasa ninaambiwa nikae benchi la tatu?”

“La pili, mjomba,” Tabitha akasema. “Kwa heshima.”

“Shemeji, nipe basi jina la fundi wako.”

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Jina la Tabitha liliposomwa alikwenda mbele, na nyuma yake alikwenda mwanamume mfupi, mnene wa shingo, anatembea kama mtu asiye na kitu cha kubeba na asiyekitafuta. Mchungaji aliomba dua ndefu, zile za Desemba, kwa kuwa ndugu wametoka mbali na lazima wapate thamani ya nauli yao. Mkono wa Eliufoo haukuteremka. Mara moja tu mtoto aliegemea nyuma kidogo, kiasi cha kidole, na baba hakusogea.

Nje, chini ya mti wa mvinje, mpiga picha alikuwa na mashine yake ndogo, anapiga na kuchapa hapohapo. Tabitha alimvuta baba yake kwa mkono, akamsimamisha, akajisimamisha mbele yake, akamwambia mpiga picha asubiri kwanza baba aweke mkono. Picha moja, ya ukutani, pamoja na fremu ya mbao, ilikuwa shilingi elfu nane, na Eliufoo akalipa palepale.